Mchezo Usio na Magharibi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa usiku na mchana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Mwisho.

Kaka zangu na dada zangu wa vyuo vya Mbarara, pamoja na nyinyi mliotoka Nakivale kuja kusoma hapa,

Ama baad. Wiki chache zilizopita, baada ya darsa, kijana wa mwaka wa kwanza alinifuata nje ya msikiti akaniuliza, "Sheikh, kucheza gemu kwenye simu ni haramu?" Nikamuuliza ni gemu gani, anaicheza kwa muda gani, na kama ndani yake kuna pesa. Akacheka. "Sheikh, mimi nilitaka neno moja tu, ndiyo au hapana." Siku ile sikumpa neno hilo moja. Namjibu leo, na nyinyi nyote mko pamoja naye.

Naomba tuanzie Biharwe. Ukitoka Mbarara kwa barabara ya Masaka, mwendo wa kilomita kama 12, utaukuta mnara wa kumbukumbu. Wengi wetu tunaupita ndani ya basi la Kampala tukiwa tumeinamia simu. Mnara huo unakumbusha kupatwa kwa jua kulikotokea tarehe 17 Aprili 1520. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba Olimi wa Kwanza, mfalme wa Bunyoro, alikuwa vitani katika nchi hizi, na jeshi lake lilikuwa likiswaga ng'ombe wengi wa kuteka. Walipofika Biharwe, jua likazimika na giza likaingia kabla ya wakati wake. Askari wakaona ni mkosi, wakakimbia na kuwaacha ng'ombe. Ndiyo maana watu wa hapa husimulia kuwa jua lilianguka Biharwe, na wanahistoria wa nchi hizi za maziwa makuu wanaitumia siku hiyo kupimia tarehe za wafalme wa kale.

Karibu miaka 900 kabla ya hapo, jua lilipatwa Madina. Ulikuwa mwaka wa 10 Hijria, siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (S.A.W.). Watu wakaanza kusema kwamba hata jua limeomboleza. Mtu mwingine angeipokea heshima hiyo. Mtume, naye yumo katika msiba, aliikataa. Aliwafundisha kuwa jua na mwezi ni alama za Mwenyezi Mungu na hazifuati uhai wala mauti ya mwanadamu yeyote. Akawaongoza katika swala ndefu mpaka jua likang'aa tena. Habari hii wameipokea Bukhari na Muslim, na ndiyo asili ya swala ya kupatwa kwa jua tunayoisoma katika fiqhi.

Jeshi la Olimi lilisimama kwa hofu, na watu wa Madina walisimama kwa ibada. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini wote waliinua macho, wakaona kuwa mwanga umebadilika, wakaacha walilokuwa wakilifanya. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tunaona jua likizama mwaka mzima karibu saa moja jioni, halichelewi sana wala haliwahi sana. Kila siku alama ile ile inapita juu ya hosteli zetu, na muadhini anatuita kwa sauti. Je, tunaona mwanga umebadilika?

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kuwa Uislamu unachukia mchezo. Anayesema hivyo hajaisoma sira vizuri. Siku ya Idi, Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, na Mtume (S.A.W.) akasimama kumkinga Bi Aisha ili atazame, asiondoke mpaka Bi Aisha mwenyewe akatosheka. Alishindana naye mbio, Bi Aisha akamshinda. Baadaye wakashindana tena, safari hii akashinda yeye, akamtania kwamba sasa wamelipana. Na Hanzala, sahaba aliyekuwa akiandika wahyi, alipokuja akilalamika kwamba ameingiwa na unafiki kwa sababu akirudi nyumbani kucheza na watoto anasahau ile hali ya moyo aliyokuwa nayo mbele ya Mtume, aliambiwa kuwa mwanadamu ana saa ya hili na saa ya lile. Kucheka na kupumzika si dhambi. Mwanafunzi aliyetoka kwenye mtihani wa saa tatu ana haki ya kupumzisha akili yake.

Lakini itazameni vizuri michezo hiyo. Mbio zina mahali pa kufikia. Siku ya Idi ina jua linalozama. Bi Aisha alitazama mpaka akatosheka, kisha akaondoka. Hata maneno aliyoambiwa Hanzala yana saa mbili ndani yake, na saa ya pili haiwezi kuanza kama ya kwanza haijaisha. Mchezo wa halali tulioukuta katika sira ni mchezo wenye mwisho.

Sasa ufungue mchezo ulio mfukoni mwako. Uko wapi mwisho wake?

Gemu nyingi za simu hazina bao la mwisho. Ukimaliza ngazi moja inafunguka nyingine. Ukikosa kuingia siku moja unapoteza zawadi ya kila siku. Wenzako wa kikosi wanakungoja, na mechi ikianza dakika kumi kabla ya adhana huwezi kutoka bila kuwaangusha. Mitandao ya picha na video ni vivyo hivyo. Mwaka 2006 mbunifu wa Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya ukurasa kujiongeza wenyewe kadiri unavyoteleza kidole. Kabla ya hapo ulikuwa ukifika chini unabonyeza ili uende ukurasa wa pili, na kule kubonyeza kulikuwa nafasi ndogo ya kujiuliza, "Niendelee au nilale?" Nafasi ile ikaondolewa. Raskin mwenyewe amesema hadharani kuwa anaijutia kazi hiyo. Aliyetengeneza anajuta, nasi bado tunateleza kidole saa nane za usiku, kisha tunamlaumu shetani peke yake kwa alfajiri iliyotupita.

Haya si maneno ya masheikh tu. Shirika la Afya Duniani limeiingiza hali ya kushindwa kujizuia na michezo ya kidijitali katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi kujizuia, anautanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na anaendelea hata madhara yakishaonekana. Kwa kawaida hali hiyo huangaliwa kwa muda wa miezi 12. Nawaombeni msiwaite wenzenu wagonjwa kwa sababu wamecheza usiku mmoja. Lakini kila mmoja ajipime mwenyewe kwa dalili hizo tatu, kwa siri, kati yake na Mola wake.

Na pale mchezo usio na mwisho unapokutana na pesa, ndugu zangu, ndipo msiba unapoingia.

Nazungumzia kubeti. Naijua mikeka ya mpira mnayotumiana kwenye makundi ya WhatsApp, na nayajua yale magemu ya kubahatisha yanayomaliza raundi moja kwa sekunde chache. Sura ya al-Maida imeitaja kamari pamoja na pombe na ikaeleza sababu: shetani anaitumia kupanda uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia tusimkumbuke Mwenyezi Mungu wala kuswali. Bukhari amepokea kuwa hata mtu aliyemwalika tu mwenzake kwenye kamari, kabla ya shilingi moja kutoka, ameelekezwa atoe sadaka. Kama mwaliko peke yake una uzito huo, anayewatumia wenzake mikeka kila Jumamosi ajiulize anadaiwa sadaka ngapi.

Na wale wanaosema, "Sheikh, serikali imeruhusu," wajue kwamba sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza kubeti mtu yeyote aliye chini ya miaka 25. Wengi wenu hamjafika umri huo. Kwa hiyo mwanafunzi wa miaka 21 anayebeti amevunja amri ya Mola wake na sheria ya nchi inayomhifadhi kwa bonyezo moja.

Kuna ndugu yetu mmoja ameniruhusu nieleze yaliyomkuta bila kumtaja. Familia yake iko Nakivale. Mama yake anakaanga maandazi na kuyauza asubuhi, katika miaka hii ambayo mgao wa chakula kambini umepunguzwa mara kadhaa. Alidunduliza, akamtumia mwanawe shilingi 400,000 kwenye simu kuongezea ada. Usiku ule ndugu yetu akatoa 20,000 tu, zikawa 90,000. Angesimama hapo angekuwa na dhambi na faida. Hakusimama. Aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Nikishinda naongeza, nikishindwa narudisha. Sikuona mahali pa kutokea." Kwa siku mbili pesa zote ziliisha. Isha ilimpita siku zote mbili, na alfajiri pia.

Wiki mbili aliwakwepa wenzake na hakupokea simu za nyumbani. Mwishowe akapanda taksi mpaka Isingiro, akachukua boda hadi kambini, akamweleza mama yake. Mama hakugomba. Alikaa kimya, kisha akamuuliza wiki hizo mbili alikuwa anakula nini.

Leo ndugu huyo anasoma, alhamdulillahi, lakini alipoteza muhula mzima. Kila mara anaponiona ananiambia, "Waambie wasisubiri kupoteza ndipo waache." Nami nimewaambia.

Ipo kamari nyingine iliyojificha ndani ya gemu zenyewe. Unanunua kisanduku kwa pesa halisi bila kujua ndani yake utapata nini, silaha nzuri au takataka. Mwaka 2018 Ubelgiji ilitamka kuwa visanduku vya namna hiyo ni kamari na ikavipiga marufuku. Muislamu asingoje Ubelgiji imfundishe. Ukitoa pesa kwa kubahatisha, ukiwa hujui unanunua nini, jina la gemu haliibadilishi hukumu. Ama ludo, ambayo vijana wa mjini na wa kambini wanaipenda sana: ikiwekwa pesa, hakuna ubishi, ni kamari. Isipowekwa pesa, wapo wanazuoni wanaoikataza kwa sababu ya dadu, wakitegemea hadithi zilizokataza mchezo wa nardi, na wapo walioilegeza. Anayetaka kusalimika na dini yake huachana na lenye shaka.

Najua mtaniambia neno jingine, na neno hili nalichukulia kwa uzito. Vijana wa Nakivale wananiambia, "Sheikh, wewe unasema tunapoteza muda. Sisi muda ndio tulio nao peke yake." Kambi ile ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi wa Rwanda. Leo wapo Wakongo, Wasomali, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine. Wapo waliozaliwa pale, wakakulia pale, na bado wanasubiri jina litoke kwenye orodha ya kupelekwa nchi ya tatu. Mtu anayesubiri miaka kumi hajui afanye nini leo saa tisa alasiri. Gemu inampa kitu ambacho dunia imemnyima, nacho ni kuona anasonga mbele, kutoka ngazi ya 40 kwenda ya 41.

Simlaumu kijana huyo, namhurumia. Lakini namkumbusha hadithi aliyoipokea Imam Ahmad: ikiwa Kiyama kinasimama na mkononi mwako una mche, na ukaweza kuupanda, basi unaupanda. Huyo mwenye mche hana hakika hata ya dakika tano, wala hatauona mti wake ukizaa, na bado ameambiwa afanye kazi. Mwenye kusubiri hajasamehewa umri wake. Katika hadithi ya Ibn Abbas iliyo katika Bukhari, afya na wasaa ni neema mbili ambazo watu wengi wanapunjika ndani yake. Ndugu yangu wa Nakivale, wasaa wako umeuita mzigo, na Mtume (S.A.W.) ameuita neema. Simu hiyo hiyo unayochezea inaweza kukukutanisha na mwalimu wa tajwidi aliye mbali, au na shangazi yako Bukavu ambaye hujamsikia tangu Ramadhani.

Wengine wanasema dawa ni kulazimishwa. Agosti 2021 China iliwawekea walio chini ya miaka 18 saa moja tu ya gemu za mtandaoni, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Na hapa kwetu mnakumbuka Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima kuanzia jioni ya tarehe 13, mkesha wa uchaguzi, mpaka tarehe 18. Wengi wenu mlikuwa bado sekondari, na shule nyingi zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Wafanyabiashara waliumia na pesa za simu zilikwama. Lakini ndani ya siku zile chache vijana wengi waligundua kuwa mchana una saa nyingi kuliko walivyodhani. Kisha intaneti ikarudi, na saa zile zikapotea tena.

Hapo pana somo. Kusimamishwa kwa nguvu hakumbadilishi mtu. Askari wa Olimi walisimamishwa na giza, na giza lilipopita hawakuwa wachamungu kuliko jana yake. Mwenyezi Mungu hakutuzimia jua ili tumkumbuke. Ametupa vituo vitano kwa siku, akatuacha tusimame wenyewe kwa hiari yetu. Swala tano ndizo mwisho ambao waliotengeneza simu hawakuuweka. Kila swala inauliza swali lile dogo lililoondolewa kwenye ukurasa: uendelee, au inatosha?

Kwa hiyo nawausia mambo manne, machache ili tuyaweze.

Kwanza, usianze mechi isiyoweza kuisha kabla ya adhana. Alasiri ya hapa kwetu huingia saa kumi na dakika chache. Saa kumi kasoro si wakati wa kuingia na kikosi. Waambie wenzako mapema, na kama ni Waislamu, nyanyukeni pamoja.

Pili, simu ilale mbali na kitanda. Mtume (S.A.W.) alichukia mazungumzo ya bila haja baada ya Isha, na mazungumzo ya zama zetu yako ndani ya kioo. Anayekaa hosteli amkabidhi mwenzake simu mpaka Alfajiri, na ampe mwenzake haki ya kumwamsha.

Tatu, aliyeingia kwenye kubeti atoke leo. Afute programu, ajitoe kwenye makundi ya mikeka, amweleze mtu mmoja anayemwamini. Faida aliyoipata asiifanye mali yake, aitoe kwa wahitaji. Kama amekula ada au amana ya mtu, toba yake haijatimia mpaka aseme kweli na aanze kulipa, hata kidogo kidogo.

Nne, na hili nawaambia nyinyi ambao hamjaingia humo: msiwacheke wenzenu. Ndugu yetu wa zile 400,000 alijificha wiki mbili kwa sababu aliogopa maneno yetu. Msikiti ukiwa mahali pa kudhihakiwa, mtu aliyepotea ataikimbilia ile simu iliyompoteza, kwa kuwa yenyewe haimsemi.

Sasa nakujibu wewe kijana uliyeniuliza nje ya msikiti. Gemu yako kama haina uchafu wala pesa ya kubahatisha, na ukiitwa kwenye swala, kwenye somo au na mzazi wako unaiacha bila kuvutana na nafsi yako, cheza na ufurahi, wala usione haya. Kama magharibi inaingia na wewe hujui kuwa imeingia, basi usiniulize mimi tena kuhusu hukumu. Jua limeshakujibu.

Ewe Mola wetu, tunakuomba utubarikie umri wetu na wasaa wetu. Waponye ndugu zetu waliofungwa na kamari, uwafungulie mlango wa kutokea. Wape wazazi wetu walioko Nakivale na kila kambi subira na riziki ya halali, na utujaalie tuwe furaha ya macho yao. Utuamshe kwa ajili Yako kabla ya siku ambayo jua litakunjwa na mwanga wake usirudi tena. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.